Zamu ya Jumatano

Omarewa, 4 Mei 1966

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepunguza kelele. Chaza wako wa baharini walifika salama kwa basi la Alhamisi. Niliwakaanga nikala na jirani, maana Noeline hayupo wa kula naye.

Usishtuke. Mimba imeanza kumsumbua, na daktari amemlaza hospitali ya mjini. Amesema hataki kuona mguu wake ukigusa sakafu mpaka mtoto azaliwe, mwezi wa Agosti. Mwenyewe hana maumivu, ana hasira tu. Heather hajambo, anakusalimu. Kazi ya bwawa inakwenda vizuri. Nimehamishiwa zamu ya usiku, tunamwaga zege mpaka kunakucha, na baridi ya bonde hili inauma hata ndani ya buti.

Jambo moja nikuambie mwenyewe, kabla hujaambiwa na mke wa kaka Alec. Unaikumbuka chekechea anayokwenda Heather? Si ya serikali wala ya kanisa, ni ushirika wa wazazi. Tuliijenga wenyewe kwa kuunganisha vibanda viwili vya wafanyakazi. Mwalimu wa kuajiriwa hakuna. Kila familia ina siku yake katika juma, na siku hiyo mzazi mmoja anashinda pale na wenzake wa zamu, akifanya kazi na watoto wote. Siku zilizobaki wenzake wanamtunzia wake. Usipotoa siku yako, mwanao hana nafasi, kwa sababu hiyo nafasi ni siku ya mwenzako. Siku ya Noeline ni Jumatano.

Mavis Tully, anayeongoza mwaka huu, alikuja mlangoni na keki mkononi na uso wa msiba.

"Lindsay, tumeongea. Jumatano yenu tutaibeba sisi, wewe usijali."

"Haibebwi," nikamwambia. "Nitakuja mwenyewe."

"Wewe?"

"Kwani mimi si mzazi?"

Keki nusura imponyoke. Basi Mama, wewe cheka, ila ucheke polepole.

Mwanao,
Lindsay

*

Bluff, 12 Mei 1966

Mwanangu Lindsay,

Marahaba. Goti linalalamika kama jirani yangu, na kama jirani yangu silisikilizi. Msimu wa chaza umechangamka, bado naingia kibandani kuwafungua asubuhi, na kisu changu hakijapata mpinzani. Alec na mkewe wazima. Mwambie Noeline pole sana, na amtii daktari hata kama ni mpumbavu.

Sikucheka. Nilikaa chini. Mwanamume mwenye mikono kama makasia anakwenda kufuta makamasi ya watoto wa watu! Baba yako angekuwa hai angerudi majini ili asiulizwe habari zako. Na hiyo chekechea isiyo na mwalimu, mimi naiona ni kundi la wanawake waliokosa kazi majumbani mwao.

Mlete Heather kwangu. Kitanda kipo na blanketi nimelianika. Mtoto wa mwanangu si mzigo. Nilipolazwa kwa kifua, mama yangu alikuchukua wewe mpaka Riverton, ukala, ukanenepa, ukarudi. Ndivyo familia zinavyofanya, haziitishi mkutano kwanza.

Na hili unijibu bila kuzunguka. Wewe unafanya kazi usiku. Mtoto analala na nani?

Mama yako,
Elspeth Sturrock

*

Omarewa, 30 Mei 1966

Mama mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Noeline hajambo. Nilikwenda kumwona Jumapili, ameshona nguo za mtoto zinazotosha pacha watatu. Theluji imeanguka milimani. Heather anakula vizuri, anakataa karoti tu.

Nimeshafanya zamu tatu. Natoka kwenye zege, naoga, nanywa vikombe viwili vya chai ya rangi, naingia chekechea kabla sijaona kitanda. Jumatano ya kwanza Mavis alinipa aproni yenye maua, maana nyingine hakuna, na akanipa sheria. Ya kwanza, siku ya zamu mwanao si wako peke yako. Ukimbeba wako, beba na wa mwenzako. Ya pili, kinachofanywa na mtoto kisifanywe na mkubwa. Akitaka kukata ubao, unampa msumeno wa kweli, unasimama karibu, unakaa kimya.

"Msumeno wa kweli?" nikauliza.

"Ungependa tumpe wa uongo?"

Nikaona hapa patanifaa. Lakini nilivurunda siku hiyo hiyo, na nakuambia kwa sababu najua utafurahi. Ngaire, binti wa jirani yangu Huhana Paraone, alikuwa kwenye ubao wa kuchorea akipaka rangi ya kahawia. Akanigeukia. "Mjomba, nichoree farasi." Unajua mimi na farasi. Nikamchorea mmoja, na mkia unapepea. Mtoto wa pili akataka. Wa tatu. Mpaka saa ya maziwa na skonzi nilikuwa na foleni kama ya mishahara, na mimi nimevimba kichwa kama msanii mkubwa.

Siku iliyofuata Ngaire hakushika brashi. Iliyofuata tena, vilevile. Alipoulizwa akasema farasi wake ni wabaya. Na wenzake wakaanza kusema hivyo hivyo. Ubao ukakaa mweupe karibu juma zima, jambo ambalo halijapata kutokea tangu tuujenge.

Basi jioni ya mkutano tukakaa kwenye viti vile vidogo, magoti yakigusa masikio. Kule jambo halipigiwi kura, linazungumzwa mpaka wote wakubali. Walizungumza muda mrefu sana, na hakuna aliyetaja jina langu. Walisema "suala la farasi." Mama mmoja akasema farasi kwa jumla si wabaya. Mwingine akasema labda farasi alikuja mapema mno. Nikaona nitakufa kwa adabu zao. Nikasimama.

"Jamani, farasi ni wangu. Semeni."

Huhana akacheka mpaka akafuta macho. "Lindsay, hatukuchukii. Ila ukimchorea mtoto, umemwonyesha kwamba wake si kitu. Wewe ulitaka kumpa zawadi, kumbe umemnyang'anya."

Nimebeba zege miaka yote hii, lakini neno zito kama hilo sijalibeba. Nakuandikia nikicheka, ila liliniingia.

Mwanao,
Lindsay

*

Bluff, 6 Juni 1966

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Farasi wako wamenichekesha mpaka nikamsomea mke wa Alec, naye akamsomea mchungaji, kwa hiyo Bluff nzima inajua. Tangu utotoni ulikuwa unachora farasi ukutani, na mimi nikifuta.

Lakini sikuzaa mjinga na mimi mwenyewe si mjinga. Umeandika kurasa nne za farasi, na swali langu la mstari mmoja umeliruka kama dimbwi. Nauliza tena. Usiku, mtoto analala na nani?

Blanketi bado limeanikwa. Damu ni nzito kuliko maji, Lindsay, na hao akina Paraone ni maji, hata wawe matamu vipi.

Mama yako

*

Omarewa, 3 Julai 1966

Mama mpendwa,

Shikamoo. Soksi zimefika, asante. Mabomba yameganda, tunayeyusha theluji kupikia chai. Noeline amevimba miguu na daktari hafurahi, lakini hasemi zaidi, na mimi sijui niulizeje.

Ngaire amerudi kupaka rangi. Sikumsemesha wala kumsifu. Huhana alinishauri nikae chini tu na kuchafua mikono yangu kwa rangi, bila kuchora kitu. Nikajipaka mpaka viwikoni. Ngaire akaja, akanitazama kama mtu aliyepungukiwa akili, akasema, "Si hivyo, mjomba. Ngoja nikuoneshe." Mama, siku hiyo nilitembea kwenda kazini kama niliyepewa nishani.

Huku wazazi wanasoma pia. Jioni moja katika juma tunajifunza jinsi watoto wanavyocheza na maana yake. Zoezi mojawapo ni kumtazama mtoto mmoja, si wako, muda wote wa asubuhi, mikono mgongoni. Huhana alipangiwa Heather. Akaniambia kwamba kila siku binti yangu anamlaza mwanasesere kitandani, anamfunika, anamwambia, "Usishuke. Ukishuka mtoto atakufa." Halafu anakaa naye. Nyumbani Heather hajamtaja mama yake hata mara moja, na mimi nilidhani amesahau. Nikajua kwamba hasahau, anamlinda. Tangu hapo nampeleka hospitali kila Jumapili, hata barabara ikiwa mbaya, asimame nje ya dirisha, maana watoto hawaruhusiwi wodini, na mama yake ampungie mkono.

Sasa swali lako. Nilikuwa siandiki kwa sababu nilijua utasema ni kuomba omba. Heather analala kwa Huhana, pamoja na Ngaire, kitanda kimoja, vichwa huku na huku. Jumamosi analala kwa Mavis. Asubuhi wananiletea, nampa uji, nampeleka chekechea, nalala. Sikuomba. Walipanga wenyewe pale pale kwenye viti vidogo, na nilipotaka kukataa Huhana akaniuliza, "Jumatano unapomfungia Ngaire kamba za viatu, mimi naomba omba?" Hii ndiyo chekechea yenyewe, Mama. Watoto wanacheza, lakini wanaolelewa ni pamoja na sisi.

Kwa hiyo simleti. Usikasirike. Nalikumbuka lango la buluu la Riverton, na mimi nimelishika.

Njoo wewe. Kwa nini huji?

Mwanao,
Lindsay

*

Bluff, 21 Julai 1966

Lindsay,

Marahaba. Upepo umeng'oa bati la Alec. Chaza wa mwaka huu ni wanono. Nimekutumia kofia ya Heather, kama ni kubwa atakua.

Kuhusu lango, sijui unasemea lango gani.

Kuja siwezi sasa, kuna kazi.

Mama

*

Bluff, 13 Agosti 1966

Mwanangu,

Salamu. Barua yangu ya Julai hukuijibu, wala ile iliyofuata yenye shilingi za pipi. Nilimtuma Alec apige simu pale ofisi ya bwawa, akaambiwa uko kazini, basi. Noeline vipi? Miguu? Mtoto yumo salama? Hata kama ni mabaya, andika. Kukaa hivi bila neno siwezi.

Mama

*

Omarewa, 4 Septemba 1966

Mama mpendwa,

Shikamoo, na sasa kwa utulivu. Noeline yuko nyumbani. Anatembea kutoka kitandani mpaka jikoni na kurudi, akinikosoa njia nzima. Mdogo anaitwa Elspeth Huhana, ana mapafu ya mpiga mbiu, na hana nywele. Samahani kwa ule ukimya wa Agosti. Kila nilipokaa niandike, mkono ulikataa kuandika kwamba huenda nikawapoteza wote wawili. Nilidhani nikinyamaza haitakuwa kweli.

Bado sielewi ulivyofika. Jumanne ile niliitwa hospitali alfajiri, nikamwacha Heather kwa Huhana, nikaenda nikijua nakwenda kuzika. Nikarudi jioni na mtoto hai na mke hai, nikafungua mlango, nikakukuta jikoni kwangu, una aproni ya maua yenye rangi, unamenya viazi. Nikadhani nimechanganyikiwa. Ukaniambia tu, "Kanawe." Siku ya tatu ukapanda basi, hukusema ulikuja kwa nini wala unakimbilia wapi.

Wanawake huku hawana wimbo mwingine ila wewe. Mavis anasema hajapata kuona mgeni akishika kazi hivyo. Anauliza utarudi lini, na anasema zamu ya Ijumaa iko wazi. Heather nimemuuliza, "Bibi alikuambia nini mlipokaa kwenye benchi la chekechea?" Anasema ni mambo yao.

Basi niambie wewe.

Mwanao,
Lindsay

*

Bluff, 17 Septemba 1966

Mwanangu Lindsay,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa ajili ya huyo mpiga mbiu mwenye jina langu. Mbusu kwenye upara. Noeline asibebe ndoo. Mimi mzima, goti limenyamaza, nadhani lilistaajabu lilikotembezwa.

Uliuliza, nitajibu, na nitajibu mara moja tu.

Lango nalijua. Ulikuwa na miaka mitatu na nusu nilipolazwa, na nilipotoka ulikuwa umekaribia mitano. Nilishuka Riverton nikakukuta umelishika. Nikasema, "Lindsay, mama amekuja." Ukanitazama kwa adabu, ukauliza, "Mama wa nani?" Sikulaumu mtu, na leo silaumu mtu. Mama yangu alikulea vizuri, ungekufa bila yeye. Lakini neno lile nimekaa nalo, na sikujua kama na wewe unakumbuka. Ulipoliandika lango, nikajifanya silijui.

Na bado nilikuja kumchukua. Ukweli ndio huo. Uliponyamaza nilijua Noeline ameshakufa na wewe umeanguka, na kwetu, nyumba ikianguka, bibi anachukua mtoto. Hatukuwahi kujua njia nyingine. Nilikata tiketi yangu ya kwenda na kurudi, na ya Heather ya kurudi. Nilikuta nyumba imefungwa. Mtu akanionesha chekechea, nikaingia na mkoba wangu na kofia kichwani, nikasema nimekuja kumchukua mjukuu wangu.

Huhana wako akanijia. Mwanamke mpana, na macho hayapepesi. "Shikamoo mama. Karibu. Lakini baba yake hakutuambia kuna mtu atamchukua, na bila neno lake haendi."

"Mimi ni bibi yake, nimemzaa baba yake!"

"Nakuamini. Hata pua ni ile ile. Bado haendi."

Nilikasirika, Lindsay, mpaka nikaona nyota. Na ndani ya hasira hiyo hiyo nikafikiri, kumbe mwanangu amemwacha mtoto mahali ambapo hata mimi siwezi kumtoa. Nikapoa palepale.

"Lindsay amepigiwa simu ya hospitali," akaniambia taratibu. "Hatujui bado. Tunasubiri. Lakini huku hatusubiri tumekaa." Akanivua kofia, akanivalisha aproni. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hao walinipa kabla sijavuta pumzi.

Nikawekwa kwenye udongo wa kufinyanga. Kitoto kimoja kilikuwa kinaunda bakuli lililopinda kama kiatu cha mlevi. Vidole vyangu vikawashwa kulinyoosha, vikawashwa kabisa. Nikakumbuka farasi wako, nikaviweka chini ya aproni, nikavikalia. Kikaniambia, "Bibi, ni zuri, eh?" Nikasema, "Ni lako." Huhana akanikonyeza toka mbali. Nimefungua chaza tangu ujana na sijakonyezwa hivyo na msimamizi yeyote.

Heather aliniona, akanikumbatia, akarudi kwenye mbao zake. Alikata ubao kwa msumeno, mtoto yule, ulimi nje, na hakuna aliyemshika mkono. Wazazi wanne pale ndani, na nakuapia, kila mtoto alikuwa wa wote na bado kila mmoja alijua kwao ni wapi. Nilisema ni kundi la wanawake waliokosa kazi. Maneno hayo nayatafuna, na ni makavu.

Mchana simu ikaja ofisi ya bwawa, habari ikaletwa: mama hai, mtoto hai. Wanawake walilia mpaka watoto wakawaletea maji. Mimi nilikwenda nje, nikakaa kwenye benchi lile dogo la ukutani, Heather akanifuata. Nilikuwa bado na tiketi mkobani. Na nikawaza, Noeline atakaa kitandani wiki nyingi, kuna kichanga, wewe uko kwenye zege usiku. Bado ingekuwa busara. Hata wewe, kwa uchovu ule, ungekubali kama ningekubana. Basi nikamuuliza mwenyewe.

"Heather, twende Bluff, wewe na mimi? Nina kitanda chako, na blanketi. Tukae mpaka mama apone."

Hakulia. Hakukimbia. Aliniwekea mkono gotini, ule wenye vumbi la mbao, akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu asiyejua utaratibu wa mahali.

"Siwezi, Bibi. Kesho zamu ya baba yangu."

Nikamwambia baba amechoka, hajalala, labda kesho hatakuja.

"Atakuja," akasema. "Ni Jumatano."

Na asubuhi ulikwenda. Ulikuwa umelala nusu usiku tu, macho mekundu kama makaa, ukajifunga aproni ile na mikono yako kama makasia. Ulidhani nimebaki nyumbani kukunja nepi. Nilisimama nje kwenye baridi, nikakuona umepiga magoti, watoto wamekujaa mpaka mabegani. Heather hata hakukukimbilia. Alikuonesha kwa kidole tu, akamwambia mtoto mgeni mlangoni, "Huyu ni wangu," akaendelea na mbao zake.

Ndiyo maana niliondoka siku ya tatu, hapakuwa na mtoto wa kuokolewa. Sikuwa nimekasirika. Nililia kwenye basi mpaka dereva akaniuliza nani amefariki, nikamwambia hakuna, nina mwana. Kibandani sasa wanajua wote, nimewaambia mwenyewe, kwa sauti, visu vikasimama: mwanangu Lindsay ana zamu Jumatano.

Mwambie Mavis ile Ijumaa asimpe mtu. Msimu wa chaza ukiisha nakuja.

Mama yako anayejivunia wewe,
Elspeth